UZI: Chang'aa, methanoli na zile marufuku tulizokwisha sahau

Kila kura ikikaribia, na kila msiba wa pombe ukitokea, kuna sentensi moja lazima isemwe jukwaani: "Tutamaliza pombe haramu." Watu wanapiga makofi. Huku kwetu Tseikuru niliisikia nikiwa darasa la sita, nikaisikia tena nikiwa fomu tatu, na nimeisikia juzi nikiwa nyumbani kwa likizo ya chuo. Waliosema ni watu tofauti, wa mirengo tofauti. Na kama kawaida ya nyuzi zangu, hatutaji mtu wala chama. Tunaiangalia sentensi yenyewe. Imewahi kujaribiwa? Ilizaa nini?

Jibu fupi ni kwamba imejaribiwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Jibu refu ndilo hili, kwa hivyo chukua kiti.

Tuanze nyumbani. Ukambani pombe ilikuwepo kabla ya serikali. Kitui ni nchi ya mizinga ya nyuki, na wazee walikuwa na uki, wengine wakiita kaluvu, ya asali au ya miwa, ikichachushwa na tunda la muratina. Ilikuwa na kazi zake: mazungumzo ya mahari, matambiko kwenye ithembo, kusuluhisha kesi mbele ya nzama. Na ilikuwa na wenyewe, yaani atumia, wazee. Kijana hakuwa na ruhusa. Sisemi zamani ilikuwa peponi, na huo ulikuwa pia utaratibu wa wanaume wazee kujipendelea. Lakini ulikuwa utaratibu. Kuna mtu alikuwa anajua nani amekunywa, kiasi gani, na kwa sababu gani.

Ukoloni ulivunja huo mpango bila hata kuulenga. Kodi ilikuja, na kodi inalipwa kwa pesa. Vijana wakaenda reli, mashamba ya wazungu, Nairobi, jeshi la KAR. Wakarudi na shilingi mfukoni, na mwenye shilingi hahitaji ruhusa ya mzee ndiyo anunue kibuyu. Kumbukumbu za maofisa wa kikoloni wa Ukambani zina malalamiko ya wazee kwamba vijana sasa wanakunywa ovyo. Upande mwingine wamisionari wa Africa Inland Mission, waliofungua kituo chao cha kwanza Nzaui, Makueni, mwaka 1895, waliwataka waumini waache pombe kabisa. Kwa hivyo aliyebaki na kibuyu hakuwa tena na kanisa, na mzee naye hakuwa tena na nguvu juu yake.

Sheria nazo zilifuata rangi ya ngozi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia vileo vikali kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain wa 1919 ukakaza zaidi. Mzungu hapa Kenya aliendelea na wiski yake klabuni. Mwafrika alizuiwa vinywaji vikali hadi miaka ya 1950.

Lakini serikali haikuchukia pombe. Ilichukia pombe isiyoileteea kitu. Miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi lilikuwa na ukumbi wake wa pombe Pumwani, na mapato yake ndiyo yaliyogharamia baadhi ya huduma za Waafrika wa mjini. Mama akipika chumbani kwake Pumwani anashikwa, akinunua kwenye ukumbi wa baraza ni raia mwema. Wakati huohuo Kibera, familia za wanajeshi Wanubi zilikuwa zinakeneka jini lao, lile wakoloni waliita jini la Kinubi. Chang'aa ya leo ni mjukuu wa jini hilo.

Shikilieni hilo wazo la ukumbi wa baraza. Litarudi.

Baada ya uhuru tuliendelea na akili ileile. Mwaka 1980 Bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa kabisa: kuipika, kuiuza, kuinywa, hata kukutwa nayo. Kwa miaka 30 hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nchi. Nani hapa alikulia mahali ambapo chang'aa haikuwepo kwa miaka hiyo 30? Mimi sijakutana naye. Machozi ya simba yalikuwepo kila kijiji. Kilichobadilika ni mahali ilipopikiwa na bei ya hatari. Mapipa yalihamia mtoni na vichakani. Mama pima, ambaye mara nyingi ni mjane au mama wa watoto wengi asiye na shamba la maana, akaanza kuweka kando ya chifu na ya askari kila wiki. Hiyo "kodi" ikaingia kwenye gharama. Na ukiwa unauza kitu haramu kwa mtu ambaye hana zaidi ya shilingi kumi, unapunguza gharama wapi? Ndani ya mtungi.

Hapa nitasimama kidogo tufanye kemia ya fomu nne, kwa sababu mjadala mwingi unapotea hapa.

Pombe tunayokunywa, iwe bia, iwe mvinyo, iwe chang'aa, ni ethanoli. Methanoli ni ndugu yake wa viwandani: inatumika kwenye rangi, gundi, viyeyusho. Inaonekana vilevile, inalevya vilevile, na mtu hawezi kuitofautisha kwa ulimi. Tofauti inaanza ini likianza kazi. Ini linageuza methanoli kuwa fomaldehaidi, kisha asidi fomiki, na asidi hiyo inashambulia mshipa wa jicho. Mililita 10 za methanoli tupu, yaani kama vijiko viwili vya chai, zinaweza kumpofusha mtu. Mililita 30 zinaweza kumuua. Na haiui papo hapo. Inaweza kuchukua nusu siku au siku nzima, kwa hivyo mtu analala akidhani ni ulevi wa kawaida, na wenzake wanamwacha "apate usingizi".

Sasa, chang'aa ya mahindi na sukari iliyokenekwa kawaida haitoi methanoli ya kuua kijiji. Inaharibu ini, inaleta utegemezi, inavunja nyumba, hayo yote kweli. Lakini vile vifo vya watu hamsini au mia kwa wikendi moja vinatokana na mtu kuchanganya methanoli ya kiwandani kwenye pombe ili iongezeke na iwe kali kwa bei ndogo. Huyo mtu kwa kawaida si mama pima. Ni mwenye ngoma za kemikali na gari la kusambaza. Ukiona msako umerudi na mapipa ya mama watatu na hakuna hata risiti moja ya methanoli, jua hatujagusa kilichoua.

Novemba 2000, mitaa ya mabanda ya Mukuru, Nairobi. Kinywaji kiliitwa kumi kumi kwa sababu glasi ilikuwa shilingi kumi. Zaidi ya watu 130 walikufa, mamia wakalazwa, wengine wakabaki vipofu. Ndiyo maana najua marufuku ya 1980 haikuzuia vifo: vilitokea ikiwa na umri wa miaka 20.

Mwaka uliofuata, 2001, NACADA ikaanzishwa. Na mwaka 2004 kikaja kitu ambacho nadhani ni jaribio la sera la kuvutia kuliko yote, na hakuna mtu analitaja kwenye mijadala: bia ya mapipa, Senator Keg. Serikali ilikubali kuiondolea ushuru ili iwe rahisi kiasi cha kushindana na kumi kumi. Hesabu ilikuwa rahisi. Mtu maskini atakunywa, basi anywe kitu ambacho kimepimwa. Faida nyingine ilikuja baadaye, pale kegi ilipoanza kutengenezwa kwa mtama, na mtama aina ya gadam unavumilia ukame. Kitui, Makueni na Tharaka wakulima wakaanza kuupanda kwa ajili ya soko hilo. Kwa hivyo hapa kwetu jambo hili lina pande mbili ndani ya boma moja: baba anauza mtama, mwana anaunywa.

Haikuwa dawa ya kila kitu, tuwe wakweli. Juni 2005 hapo Machakos, majirani zetu, zaidi ya watu 40 walikufa kwa pombe yenye methanoli. Baa ya kegi haikuwa kila mahali. Na kegi yenyewe imetuletea walevi wetu wa kegi, msidhani sijawaona.

Mwaka 2010 sheria mpya ya vileo ikafuta ile ya 1980. Chang'aa ikawa halali kama umepata leseni na umetimiza viwango. Baa zikawekewa saa: kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na wikendi kuanzia saa nane mchana. Chini ya miaka 18 hakuna kuuziwa. Kwenye karatasi ni sheria nzuri. Lakini mama pima wa Tseikuru atatoa wapi maabara na chupa na leseni? Yeye alibaki palepale haramu. Walioingia kwenye nafasi iliyofunguka ni watengenezaji wadogo wa vileo vya chupa, vile vya kizazi cha pili, vyenye lebo nzuri na bei ya chini.

Kisha ikafika 2013, na hapa nawaomba msome polepole.

Serikali ilihitaji mapato. Nafuu ya ushuru ya kegi ikakatwa kwa nusu. Glasi ikapanda bei, mauzo yakaporomoka vibaya, na wenye mtama huku kwetu wakabaki na magunia. Kwenye hotuba za bajeti hii ilikuwa habari njema, kwamba tunapanua wigo wa kodi na pia tunapunguza ulevi. Ile hoja ya kwamba pombe ikipanda bei watu watapunguza kunywa ina ukweli wake, na duniani kote kuna ushahidi kwamba inasaidia, hasa kwa vijana wanaoanza. Lakini inamhusu mtu ambaye bado ana uamuzi. Mraibu ambaye mkono unatetemeka asubuhi hafanyi hesabu ya wigo wa kodi. Anatafuta glasi inayofuata kwa bei nafuu.

Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa Mei 2014, watu walianza kufa kwa wakati mmoja Embu, Kiambu, Makueni na hapa Kitui. Katika siku za kwanza tu walikuwa wamefika 60 na zaidi, na hesabu ikaendelea kupanda. Ilikuwa methanoli.

Siwezi kuthibitisha kwamba ushuru wa 2013 ndio uliowaua. Profesa wangu angenikata alama, na angekuwa na haki, maana kuna aliyemwaga hiyo methanoli na jinai ni yake. Ninachosema ni kwamba kegi ilipopanda bei, wanywaji wake maskini walisukumwa kwa kinywaji ambacho hakuna aliyekipima. Serikali yenyewe ni kama ilikubali hoja hiyo, kwa sababu mwaka 2015 ilirudisha sehemu kubwa ya nafuu ya ushuru wa kegi.

Mjomba wangu alikuwa anafanya mjengo Embu mwaka huo. Jumapili jioni alikunywa na wenzake wanne. Jumatatu aliamka akauliza kwa nini bado ni usiku, na aliyekuwa naye chumbani tayari alikuwa anapiga mswaki mlangoni kwenye jua. Wawili kati ya wale wanne walikufa kabla ya Jumanne. Mjomba alifika hospitali, wakamwekea maji mshipani, akapona kila kitu isipokuwa macho. Mama alienda kumchukua. Walishuka kwenye gari jioni, na mimi nilitumwa kumshika mkono hadi nyumbani. Nilikuwa darasa la sita. Wiki hiyohiyo kulikuwa na mkutano sokoni, na ndipo niliposikia ile sentensi kwa mara ya kwanza.

Kilichofuata mnakijua. Maafisa kadhaa wa utawala na polisi wakasimamishwa kazi. Julai 2015 amri ikatoka juu, na mkoa wa kati viongozi wakaongoza makundi ya watu kuvunja maghala na kumwaga vileo barabarani, hata vile vya wenye leseni. Picha zilikuwa kali sana. Lakini Februari 2024 Kirinyaga zaidi ya watu 10 wakafa tena kwa pombe, na ripoti zikasema kinywaji kile kilikuwa kielelezo cha kesi kilichotoka kwenye mikono ya polisi. Yaani ilishashikwa, ikarudi sokoni. Machi 2024 zikatangazwa hatua 25 mpya. Mei 2024 kaunti tatu za Pwani zikapiga marufuku muguka, mahakama ikasimamisha, na sisi tulio njiani kati ya Embu na wateja tukatazama tu.

Kuna jambo moja la 2014 ambalo linanisumbua kuliko yote. Mwaka uleule ambao mjomba alipoteza macho, serikali hiihii ilifungua kliniki ya methadoni katika hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata Malindi na Mombasa zikafuata. Methadoni ni dawa anayopewa mraibu wa heroini kila siku, anainywa mbele ya muuguzi, ili mwili usimsukume kutafuta sindano. Hakuna kurungu. Pwani ilichukua miaka mingi na vilio vingi vya wazazi kufika hapo, na fedha nyingi zilitoka kwa wafadhili waliokuwa wanaogopa HIV kupitia sindano. Lakini ilifika. Nchi ilisema waziwazi: huyu ni mgonjwa.

Mraibu wa pombe wa Tseikuru hajawahi kuambiwa hivyo na serikali. Yeye ni mhalifu msako ukija, na ni mteja ushuru ukihesabiwa. Hata hali yake ya mwili haijulikani. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka akikatiziwa pombe ghafla anaweza kutokwa jasho, kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege, na anaweza kufa. Ni mojawapo ya uraibu ambao kuuacha kwa ghafla bila daktari kunaua. Sasa fikiria msako unaofunga kila kitu kijijini Ijumaa moja na kuondoka. Nani amebaki na dawa Jumamosi?

Na hawa si watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa 2022 ulikadiria Wakenya milioni 4.7 wa miaka 15 hadi 65 wanatumia angalau aina moja ya kileo au dawa ya kulevya, karibu mtu 1 kati ya 6. Pombe peke yake ni milioni 3.2. Heroini haikaribii hata kidogo. Lakini tunapoongea "dawa za kulevya" jukwaani, akilini tunaona sindano ya Mombasa, hatuoni kikombe cha jirani.

Turudi sasa kwenye ule ukumbi wa baraza wa Pumwani. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya leseni za vileo. Jedwali lilelile linazipa kaunti huduma za afya na udhibiti wa dawa za kulevya. Polisi wamebaki na serikali kuu. Kwa hivyo anayekusanya pesa za leseni ya baa ndiye anayetakiwa kujenga wodi ya waathiriwa wa baa hiyo, na anayefanya msako ni mwingine kabisa ambaye hajibu kwa yeyote kati yao. Nikimsikia mgombea wa ngazi ya kaunti akiahidi misako, najua anaahidi kazi isiyo yake. Nikimsikia wa ngazi ya taifa akiahidi kujenga kituo cha kurekebisha tabia kila wadi, hivyohivyo. Muulizeni wa kaunti: mwaka jana leseni za vileo zilileta kiasi gani, na shilingi ngapi zilienda kwa matibabu ya waraibu? Namba hizo zinatakiwa kuwa kwenye vitabu vya kaunti. Ni za umma. Muulizeni wa taifa: methanoli inaingia nchini kupitia nani, na anayeinunua anaandikwa wapi?

Kuna watakaosema natetea chang'aa. Nimelelewa na bibi ambaye hajawahi kuonja, na nimeona mashamba ya mbuzi wote yakiishia kwenye kikombe. Nataka walevi wapungue kuliko wengi wanaopiga makofi pale sokoni. Ndiyo maana nakataa kudanganywa na kitu kilichofeli 1980, na kilichofeli enzi za mkoloni pia.

Juzi kwenye ule mkutano mjomba aliomba apelekwe. Nilimshika mkono kama siku ile, ingawa sasa mimi ndiye mrefu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa nyuma, akasikiliza mpaka mwisho. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza yule aliyekuwa anaongea ni nani. Nikamwambia. Akasema alidhani ni yule wa 2014, sauti ni ileile.

Uzi ujao ni wa muguka na kesi ya Mei 2024. Wenye risiti za bajeti ya kaunti zenu, wekeni hapo chini.